Yupo, Lakini Siye: Marejeleo ya Kanzidata Seva Inapokabidhi Usukani

Mama mmoja, mkulima wa machungwa, aliingia ofisini hata chai haijapoa. Ofisi yenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba moja ya Ngamiani, barabara ya 8, alichokikodi mfanyabiashara wa machungwa ili mambo ya hesabu yafanyike hapa mjini Tanga badala ya ghalani kwake Muheza. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa mfumo wake wa kompyuta. Tulipomaliza shikamoo na marahaba, mama akafungua pindo la khanga, akatoa risiti iliyokunjwa mara nne, akailaza mezani na kuinyoosha kwa kiganja.

"Mwanangu, hii karatasi ni yenu au si yenu?"

Yetu. Namba 4183, machungwa 3,200, tarehe ya Jumatatu, muhuri wa ghala. Nikaiandika 4183 kwenye mfumo. Jibu likaja papo hapo: machungwa 900, Jumanne, mkulima ni kijana wa kijiji kingine kabisa, keshalipwa. Tena kalipwa pesa ya machungwa 3,200. Kijana, kwa tabia ya binadamu, hakupiga simu kulalamika.

Nikatafuta jina la mama. Lipo. Mizigo yake yote ya msimu ipo, isipokuwa huo wa Jumatatu. Kupotea kwa mzigo mmoja nilikutegemea, kwa sababu nilijua kilichotokea Jumatatu usiku. Kilichonitoa jasho ni kwamba mfumo haukuwa na shaka hata chembe. Hakuna onyo, hakuna alama nyekundu, kila mstari uliotaja mstari mwingine ulikuwa umetaja mstari uliopo. Ukiukagua kwa njia zote nilizozijua wakati ule, ulikuwa mzima.

Nayaandika haya kwa vijana wanaofunga mifumo midogo kama ule, na kwa wenye biashara wanaoambiwa "tumekuwekea seva mbili, lala usingizi". Seva, yaani kompyuta inayotunza taarifa za biashara, zikiwa mbili ni jambo jema. Ila zinaleta aina ya kosa ambayo kwa seva moja ni nadra kuonekana.

Namba za barabara

Mgeni wa Tanga hushangazwa na Ngamiani. Barabara zake huitwa kwa namba, ya kwanza, ya pili, na kuendelea mpaka zinapita ishirini, na mwenyeji akikwambia "shuka barabara ya 12" anaona amemaliza kazi ya kukuelekeza. Namba yenyewe haina maana. Hakuna kitu pale barabara ya 8 kinachoifanya iwe nane. Ni makubaliano ya watu tu, na makubaliano hayo yanafanya kazi kwa kuwa hakuna anayeyagusa.

Sasa tuseme usiku mmoja mtu anazisogeza: ya kwanza inaitwa ya pili, ya nane inaitwa ya tisa, hivyo hivyo hadi mwisho. Asubuhi anayekwenda barabara ya kwanza ataulizia, ataambiwa haipo, atajua kuna jambo. Lakini anayepeleka gunia la mchele barabara ya 9 ataifika, atabisha hodi, atakaribishwa, atashusha gunia na kuondoka zake. Mchele umefika nyumba siyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Kanzidata, yaani ghala la taarifa ndani ya kompyuta, inaishi kwa makubaliano ya namna hiyo. Edgar F. Codd wa kampuni ya kompyuta ya IBM, alipoandika mwaka 1970 kuhusu kupanga data katika majedwali, alitaka mstari mmoja uutaje mwingine kwa thamani iliyoandikwa ndani yake, badala ya kuonyesha kwa kidole mahali ulipo kwenye diski. Thamani hiyo ndiyo rejeleo. Katika mfumo wetu kulikuwa na majedwali matatu ya maana: wakulima, mizigo na malipo. Kila mzigo ulitaja namba ya mkulima, kila malipo yalitaja namba ya mzigo. Ile namba inayoutambulisha mstari wenyewe huitwa ufunguo wa msingi, na inapotajwa kwenye jedwali lingine huitwa ufunguo wa kigeni.

Ukiiambia kanzidata kwamba safu fulani ya jedwali (ile inayoshuka wima) ni ufunguo wa kigeni, inakuwa mlinzi wa mlangoni. Ingiza mzigo wa mkulima namba 77 wakati hakuna mkulima 77, inakataa. Jaribu kumfuta mkulima ambaye bado ana mizigo, inakataa pia. Ulinzi huo wengi tunauamini kupita kiasi. Mlinzi huyu anauliza swali moja tu: je, yupo? Hajui kuuliza: je, ndiye? Mzigo 4183 ulikuwepo, basi malipo yakapita.

Kwa hiyo marejeleo huharibika kwa namna mbili. Lipo linalokatika, likataja kitu ambacho hakipo. Hilo hupiga kelele, au angalau hukamatika kwa ulizo la dakika moja. Na lipo linalopotoka, likataja kitu kilichopo ambacho sicho. La pili hunyamaza. Karibu kila ninachosema kuanzia hapa kinahusu hilo la pili.

Karani wa pili

Seva kuu ilikuwa ghalani Muheza, kwa sababu ndiko mizigo inakopokelewa na karani anatakiwa aandike hata intaneti ikizima. Seva nakala ilikuwa hapa Ngamiani. Kazi ya nakala ni kufuata kila kinachofanyika kwenye kuu.

Watu wengi hudhani nakala hupigwa kama fotokopi, mara moja kwa saa. Siyo. Seva kuu ina daftari la mabadiliko, mafundi huliita logi, ambamo kila muamala uliokamilika, yaani fungu la mabadiliko yanayoingia kwa pamoja, huandikwa kwa mpangilio wake. Nakala inasomewa daftari hilo mstari kwa mstari, kama karani anayemsomea mwenzake kwa simu: "mkulima mpya, namba 611, mzigo mpya, namba 4102, wa mkulima 611." Karani wa pili anaandika alivyosikia, kwa mpangilio aliousikia, na muamala ambao haujasomwa wote hauingii kabisa.

Hapo ndipo penye uzuri wake. Mkulima 611 aliandikwa kabla ya mzigo wake kule, na huku vilevile. Hata nakala ikichelewa nusu saa, inayoyaona ni ya nusu saa iliyopita, ila yamekamilika. Ni picha ya zamani kidogo, si picha iliyochanika. Nakala ya logi moja, ikifuatwa kwa mpangilio, haimwachi mtoto bila mzazi.

Uzamani huo nao una kero zake. Tuliwahi kuweka ukurasa wa kutafuta wakulima usome kutoka kwenye nakala, ili seva kuu ipumue. Karani anamsajili mkulima, anamtafuta sekunde tatu baadaye, anaambiwa hayupo. Anamsajili tena. Sasa mtu mmoja ana namba mbili, mizigo yake imegawanyika, na mhasibu anakuna kichwa. Dawa yake ni rahisi: aliyetoka kuandika asomeshwe kutoka seva kuu kwa muda, nakala iachiwe ripoti za jioni.

Iko mianya mingine midogo nitakayoipitia haraka. MySQL, moja ya programu za kanzidata, inaweza kuruhusu nakala itumie wafanyakazi kadhaa kwa pamoja ili iende mbio. Wasipolazimishwa kukamilisha miamala kwa mpangilio wa asili, kwa kitambo kidogo unaweza kuona hali ambayo kwenye seva kuu haikuwahi kuwepo. Tangu toleo la 8.0.27 ulazima huo umewekwa kuwa hali ya kawaida. PostgreSQL, programu nyingine ya kanzidata, ilipoleta unakili wa kimantiki katika toleo la 10, mwaka 2017, iliwapa watu uwezo wa kuchagua majedwali ya kunakili. Ila upande unaopokea haukagui funguo za kigeni wakati wa kupokea, kwa imani kwamba mtumaji ameshakagua. Ukinakili mizigo ukasahau wakulima, umejitengenezea yatima mwenyewe. Na wanaotumia simu kukusanya taarifa vijijini wajue kwamba SQLite, kanzidata ndogo inayokaa ndani ya simu yenyewe, haikagui funguo za kigeni mpaka uiwashe kazi hiyo, tena kila unapoifungulia muunganisho.

Kosa moja nimeliona kwa mafundi wazoefu kabisa. Wanapopakia data nyingi kwenye MySQL huzima ukaguzi wa funguo za kigeni ili kazi iende haraka, halafu huuwasha tena na kuona mambo yamekaa sawa. Kuuwasha hakukagui mistari iliyoingia wakati mlinzi amelala. Kinachokaguliwa ni kinachokuja baadaye.

Jumatatu usiku

Jumatatu ile intaneti ya ghalani ilikuwa inakwenda na kurudi tangu alasiri. Karani hakujali, maana seva iko hapo hapo. Alipokea mizigo, akachapa risiti, wakulima wakaenda zao. Jioni mhasibu, ambaye alikuwa ghalani, akachukua kwenye laptop yake orodha ya watakaolipwa kesho: namba ya mzigo na kiasi cha pesa. Jina na simu hakuviweka kwenye orodha, kwa sababu nilimwambia haina haja, mfumo utavitafuta kwa namba. Ushauri huo ni wangu na naukumbuka vizuri.

Usiku umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, ukaondoka na seva ya Muheza pamoja na diski yake. Saa kumi na mbili asubuhi niliipandisha seva ya Ngamiani iwe kuu. Hiyo ndiyo kazi ambayo vijana huiita feilova: aliyekuwa msaidizi anashika usukani. Ilichukua dakika chache, nikajisifu moyoni, nikampigia karani simu kwamba anaweza kuendelea, sasa ataandika moja kwa moja kwenye seva ya Tanga.

Unakili wetu ulikuwa wa kutosubiriana. Seva kuu ikikamilisha muamala, inamjibu karani "tayari" hapo hapo, na nakala itaupata ikiupata. Kwa hiyo mizigo ambayo intaneti haikuwahi kuivusha ilikufa na diski. Seva ya Ngamiani ilijua mpaka mzigo 4180. Mizigo saba, 4181 hadi 4187, ilibaki kwenye karatasi za wakulima na kwenye laptop ya mhasibu.

Kama mambo yangeishia hapo tungekuwa na upungufu, na upungufu hujulikana: namba zinazotajwa na orodha hazipo, mfumo unakataa kulipa, tunaanza kuulizana. Ila namba za mizigo zilikuwa za kupanda zenyewe. Seva ya Ngamiani ilitazama namba kubwa kuliko zote iliyokuwa nayo, 4180, ikaongeza moja. Mkulima wa kwanza wa Jumanne akapewa 4181. Wa tatu, yule kijana, akapewa 4183. Saa nne asubuhi mhasibu akapakia orodha yake ya jana. Mfumo ukachukua kiasi cha mzigo wa mama, ukamtafuta mwenye 4183, ukamkuta, ukatuma pesa. Je, yupo? Yupo.

Tazama ni wapi hasa kilipokatika kitu. Ndani ya kanzidata hakuna kilichokatika. Rejeleo lililopotoka lilikuwa linatoka nje: kwenye laptop, kwenye karatasi iliyofungwa pindoni, kwenye ujumbe wa simu. Kanzidata iliporudi nyuma kwa saa chache, vitu hivyo havikurudi nyuma pamoja nayo. Huwezi kumrudisha mama Jumatatu alasiri.

Baadaye nilijifunza kwamba walionitangulia kwenye shimo hili ni wakubwa kuliko mimi. Septemba 2012 GitHub, jumba la kuhifadhia programu za watu duniani kote, walipata hitilafu ya kukabidhi usukani kwenye kanzidata zao za MySQL. Seva iliyokuwa nyuma kidogo ikashika kazi, ikagawa upya namba ambazo zilikwisha kugawiwa. Sasa wao walikuwa pia na hazina ya pili, Redis, iliyotaja mistari ya MySQL kwa namba hizo hizo, na Redis haikurudi nyuma. Matokeo yake taarifa za shughuli za watu zilitokea kwenye kurasa za wasiohusika, na kwa dakika 7 hifadhi 16 za faragha za programu ziliweza kufikiwa na watu wasioruhusiwa. Hakuna ufunguo wa kigeni unaovuka kutoka MySQL kwenda Redis. Kama ambavyo hakuna unaotoka MySQL kwenda kwenye khanga.

Kusubiriana kuna bei

Mtu wa kwanza niliyemsimulia aliniambia, "Si ungesubiri nakala ikubali kwanza?" Ni kweli, zipo njia za kusubiriana. PostgreSQL inazo tangu toleo la 9.1, mwaka 2011: seva kuu haimjibu karani mpaka nakala iseme imepokea. Ukikabidhi usukani baada ya hapo, hakuna kilichothibitishwa kinachopotea. Ila intaneti ikikata, karani anakaa. Anakaa na lori limesimama nje, wapagazi wamejaa, na chungwa halijui habari za seva. Siku kama ile Jumatatu ghala lingefungwa saa tisa alasiri.

MySQL inayo njia ya katikati, ya kusubiri kidogo. Seva kuu inangoja nakala ikiri kupokea, lakini muda ukipita, kwa kawaida sekunde 10, inakata tamaa na kuendelea peke yake kama zamani. Ni suluhu nzuri mradi ujue kwamba siku mbaya ndiyo siku itakayokata tamaa. Nimewahi kusikia fundi akimhakikishia mteja kwamba hawezi kupoteza chochote kwa sababu njia hii imewashwa. Hakuwa amesoma habari ya zile sekunde 10.

Umbali nao hudai haki yake. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo zinazobeba intaneti husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo ukiweka nakala Dar es Salaam, kwenda na kurudi kati yake na Tanga kunakula milisekunde tatu na zaidi kabla ya mtambo wowote wa njiani kuongeza zake. Kwa ghala la machungwa hilo si kitu. Linalotuumiza sisi ni waya kukatika.

Kwa biashara ile niliamua, na ningeamua hivyo tena, kwamba kutosubiriana ndiyo njia yake. Ukishaamua hivyo umekubali kwamba siku moja utapoteza miamala michache ya mwisho. Kilichobaki ni kuhakikisha upotevu huo unapiga kelele.

Namba isizaliwe mara mbili

Jambo la kwanza, na lingeniokoa Jumanne ile kwa amri moja, ni kuirukisha namba mbele kabla ya kufungua mlango. Nakala inayopandishwa iko 4180? Anzisha 15000. Orodha ya mhasibu ingetaja 4183, mfumo ungesema haipo, na sisi tungeanza kumtafuta mwenye mzigo kabla mama hajapanda daladala kuja kututafuta. Hiyo ni kugeuza upotofu kuwa ukatikaji, na ukatikaji tunauweza.

PostgreSQL hufanya kitu cha jamii hiyo yenyewe: kihesabu chake cha namba huandika kwenye logi namba 32 za mbele kwa mkupuo, ili ikizimika ghafla isije ikagawa iliyokwisha kugawiwa. Ndiyo maana baada ya ajali unaweza kukuta namba zimeruka. Wahasibu hawapendi kabisa. Wanaona pengo, wanahisi wizi. Nimekaa na mhasibu wetu nikamweleza kwamba pengo la namba ni kovu la jeraha lililopona, akaniuliza mkaguzi nitamweleza mimi au atamweleza yeye. Tuliandika karatasi ya maelezo, tukaweka kwenye faili. Lakini usizitegemee sana zile 32: kwenye nakala isiyosubiriwa, kama na hiyo logi haikuvuka, umerudi palepale. Na ule unakili wa kimantiki, katika matoleo niliyoyatumia, haubebi kihesabu kabisa. Ukihamia upande wa pili unaanza kugawa kutoka 1 na kugongana na mistari iliyopo. Angalau hilo linapiga kelele.

Jambo la pili ni kila seva kuwa na namba zake. MySQL inaruhusu useme Muheza igawe witiri na Tanga igawe shufwa. Hata zote mbili zikiwa hai kwa bahati mbaya, hazitagawa namba moja. Sisi tuliongeza herufi mbele ya namba kwenye risiti, kwa sababu mtu husoma herufi kwa macho bila kujua witiri wala shufwa.

Wengine huenda mbali zaidi wakaacha namba za kupanda kabisa na kutumia UUID, kitambulisho cha biti 128 ambacho seva yoyote, hata simu ya karani, inaweza kukibuni bila kumwuliza mtu, na uwezekano wa viwili kufanana ni mdogo mno. Toleo lake la 7, lililowekwa rasmi mwaka 2024, huanza na muda, hivyo mistari mipya hukaa pamoja kwenye diski badala ya kutawanyika. Ndani ya kanzidata nakipenda. Kwenye karatasi, hapana. Kina alama 36 kikiandikwa, na nani atamsomea mama alama 36 kwenye simu, upepo ukivuma?

Jambo la tatu ndilo nililolijua kwa kuchelewa: mfundishe mlinzi kuuliza swali la pili. Ufunguo wa kigeni unaweza kuwa wa safu mbili kwa pamoja. Malipo yetu sasa yanataja mzigo na mkulima, na kanzidata inadai jozi hiyo yote iwepo hivyo hivyo kwenye jedwali la mizigo. Orodha ya mhasibu nayo inabeba vyote viwili. Ikija 4183 ya mama wakati kanzidata ina 4183 ya kijana, jozi haipatikani, malipo yanakataliwa. Hicho ndicho kitu cha karibu zaidi na "je, ndiye?" nilichowahi kukipata.

Manahodha wawili

Sisi tulikuwa na bahati moja ndani ya balaa: seva ya Muheza ilikufa kweli. Ingekuwa imezimika tu, karani angeiwasha asubuhi, nayo bila kujua kwamba imevuliwa ungeikuta inaendelea kugawa namba. Manahodha wawili, chombo huenda mrama, na hapa kila nahodha ana daftari lake.

GitHub hao hao walilipata hilo Oktoba 21, 2018. Mawasiliano kati ya vituo vyao vya pwani ya mashariki ya Marekani yalikatika kwa sekunde 43. Mtambo wa kukabidhi usukani ukapeleka uongozi pwani ya magharibi. Mashariki ilikuwa imebaki na maandishi ambayo hayakuwahi kuvuka, magharibi ikaanza kupokea mapya, na hapo hakuna upande uliokuwa na yote. Katika mojawapo ya kanzidata zenye shughuli nyingi, maandishi yaliyobaki upande mmoja yalikuwa 954. Walichagua kulinda usahihi wa data kuliko kurudi hewani haraka, na huduma ilikaa kwa kuchechemea saa 24 na dakika 11. Sekunde 43 kwa saa 24.

Seva mbili peke yake haziwezi kujua kama mwenzako amekufa au njia imekatika. Kutoka upande wako vinafanana. Ndiyo maana hutakiwa shahidi wa tatu, hata kama ni kompyuta ndogo isiyohifadhi kitu, ili anayeshika usukani awe amekubaliwa na wawili kati ya watatu. Na aliyeng'olewa afungiwe mlango kabla mpya hajaanza: azimwe umeme, au anyimwe mtandao. Pale ghalani kazi hiyo anaifanya karani. Kuna karatasi imebandikwa ukutani juu ya swichi: "Usiwashe kabla ya kumpigia fundi."

Diski ya zamani ikipatikana nzima, usiifute ili uifanye nakala mpya, ingawa kila mwongozo utakushawishi ufanye hivyo upesi. Kwenye MySQL, tangu toleo la 5.6, kila muamala unaweza kupewa jina lenye kitambulisho cha seva ulikozaliwa pamoja na namba yake ya mfuatano. Unachukua majina yaliyopo kwenye seva ya zamani, unayatoa yaliyopo kwenye mpya, yanayobaki ndiyo yaliyoachwa ng'ambo. Unayaangalia moja moja na kuamua kila moja liingizwe kwa namba gani. Kazi ya kuchosha, lakini ina mwisho.

Sisi diski iliungua, kwa hiyo logi yetu ilikuwa ni karatasi za watu. Mama alilipwa siku ileile. Kijana tulikubaliana naye akakatwa kidogo kidogo kwenye mizigo iliyofuata, baada ya mazungumzo marefu ambayo mzee mwenye mali aliyaendesha vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Nikatengeneza jedwali dogo la risiti za Jumatatu, ufunguo wake namba pamoja na tarehe, kila mstari ukitaja namba mpya ambayo mzigo huo umepewa. Karani akatuma watu vijijini kuulizia. Karatasi sita zilirudi, moja ikiwa imelowa chai mpaka namba haisomeki, tukaitambua kwa idadi ya machungwa.

Ya saba haijaja mpaka leo. Kutoka kwenye laptop ya mhasibu tunajua ni 4185, na tunajua kiasi cha pesa yake, ambacho ni cha machungwa 1,450. Mstari wake upo kwenye kanzidata, na safu ya mkulima nimeiacha tupu. Kila mwisho wa mwezi mhasibu hunikumbusha kwamba ule mstari unamharibia ripoti, ananiuliza kama hatuwezi kuweka jina lolote.